Diski mpya, mtetemo uleule

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu lina umri wa miaka 19. Nikikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo wa 80, usukani unatetemeka mikononi. Nilibadilisha diski za mbele, mtetemo ukaisha kabisa, lakini baada ya miezi michache umerudi. Fundi wangu anasema diski zimepinda, ninunue nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usinunue kwanza. Diski zilizoanza vizuri kisha zikaharibika upesi namna hiyo, mara nyingi tatizo liko pale zilipofungwa.

Habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho diski na tairi hufungwa juu yake, kwa gari la umri huo hushika kutu. Diski ikikalia kutu, hata iwe nyembamba kama karatasi, haikai sawa. Inayumba kidogo sana kila tairi linapozunguka. Siku ya kwanza huhisi kitu. Lakini upande ule uliotokeza unaigusa pedi kila mzunguko, hata hujakanyaga breki, unalika taratibu, na baada ya kilomita elfu kadhaa diski ina sehemu nene na sehemu nyembamba. Huo ndio mtetemo wako. Sisi mafundi tumezoea kusema imepinda, kumbe chuma hakijapinda.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara ya mteja. Nilimfungia diski mpya mara mbili. Aliporudi mara ya tatu ndipo nikapitisha kidole kwenye uso wa habu, kuzunguka boliti, nikakuta gamba la kutu lenye upana wa kucha. Nililing'oa kwa patasi na brashi ya waya, na fedha za seti ya pili nikamrudishia.

Kwa hiyo mwambie fundi wako avue diski, asugue habu mpaka chuma king'ae. Kalipa, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski, aifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta ya breki. Kisha apime unene wa diski kwa mikromita, sehemu nane kuizunguka. Kipimo cha chini kinachoruhusiwa kwa kawaida huwa kimechongwa kwenye diski yenyewe, karibu na herufi MIN TH. Kama zikikerezwa zitabaki juu ya kipimo hicho, zikerezwe. Zikishuka, badilisha zote mbili za mbele, kamwe si upande mmoja.

Pini za kalipa zivutwe kwa mkono. Zikigoma, zisafishwe na kupakwa grisi ya breki.

Na simama hapo wakati wa kurudisha tairi. Nati zikazwe kwa kupishana, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bunduki ya upepo ikikaza nati moja kuliko mwenzake, diski inavutwa upande, na kazi yote ya kusugua habu inapotea hapohapo.