Ozoni karibu sifuri? Tuanze na gunia tupu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu wa kidato cha tano amesoma kwamba puto za wanasayansi zilikuta ozoni karibu sifuri katika anga la juu la tropiki. Huku Isyonje jua linatuchoma viazini kweli kweli. Je, tabaka la ozoni limetoboka juu yetu? – Mama mkulima, Isyonje, Mbeya

JIBU: Marahaba, mama. Halijatoboka. Ozoni inayotukinga na mionzi mikali ya jua imejaa zaidi kilomita 20 hadi 30 juu. Puto zilikuta uhaba chini ya hapo, kilomita 12 hadi 16, juu ya Pasifiki ya magharibi. Kule hewa ya baharini ina mvuke mwingi, na jua kali huisaidia kuila ozoni. Kisha mawingu makubwa ya radi huichota hewa hiyo na kuipandisha juu upesi.

Lakini hilo neno "sifuri" ndilo lililonikalisha mezani. Nimefundisha kemia miaka 31, na kifaa hiki bado kinanisisimua. Chini ya puto huning'inia kisanduku chenye pampu ndogo na vikombe viwili vya maji ya iodidi ya potasiamu, ileile ya maabara ya shule. Pampu huvuta hewa, ozoni hukutana na iodidi, iodini hutokea, na kila molekuli ya ozoni husukuma elektroni mbili kwenye waya. Ukipima umeme, umepima ozoni.

Kwenye tabaka lenyewe la ozoni umeme huo hufika mikroampea 4 hivi (mikroampea ni sehemu moja ya milioni ya ampea). Kule kwenye uhaba haufiki hata 0.1. Na kifaa hutoa umeme kidogo hata kikipewa hewa isiyo na ozoni. Huo hupimwa ardhini kabla puto haijarushwa, kisha hutolewa kwenye hesabu.

Wewe unauza viazi, utanielewa. Mnunuzi akitoa kilo 1 kwa ajili ya gunia tupu ambalo kweli ni nusu kilo, kwenye mzigo wa kilo 100 hutaumia. Akitoa kilo hiyohiyo pale mizani inaposoma kilo 1 na nusu, amekunyang'anya nusu ya viazi vyako! Mwaka 2010 mtafiti Holger Vömel na mwenzake Diaz walionyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa vipimo vile vya karibu sifuri: gunia tupu, yaani ule umeme wa hewa isiyo na ozoni, lilihesabiwa zito mno. Mwaka 2014 watafiti walirusha puto kutoka kisiwa cha Manus, Papua New Guinea, na ndege za utafiti kutoka kisiwa cha Guam. Ozoni ilikuwa haba kweli, ila si sifuri.

Karibu nasi, puto za namna hii hurushwa Nairobi, katika mtandao wa vituo vya kupima ozoni uitwao SHADOZ, ulioanza 1998.

Jua la Isyonje linachoma kwa sababu mko juu, hewa nyembamba, na ukanda wa ikweta jua hupita karibu utosini. Kofia pana usiiache nyumbani, hata siku ya ukungu.