Ukipata likizo, vuka bahari uende Comoro

Marafiki zangu hapa Dar huniuliza waende nchi gani wakipata likizo na akiba kidogo, na wengi huwa wameshajichagulia: Dubai au Afrika Kusini. Sina ugomvi na miji hiyo. Kinachoniuma ni kwamba sisi watu wa pwani tunayajua maduka ya Deira kuliko visiwa vya jirani zetu.

Nendeni Comoro. Ndege ya moja kwa moja kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Hahaya, nje kidogo ya mji mkuu Moroni, haimalizi saa mbili. Wafanyabiashara wa Kikomoro tunapishana nao Kariakoo kila siku, wagonjwa wao huja kutibiwa kwenye hospitali zetu, na Zanzibar Wangazija ni watu wa siku nyingi. Sisi ndio hatuendi kwao.

Anzia Badjanani, mji mkongwe wa Moroni. Msikiti wa Ijumaa wa 1427 umesimama mbele ya bandari ndogo, na nyuma yake kuna vichochoro ambavyo mtu wa Unguja atavitambua mara moja. Kinamama wanapita wamejipaka liwa usoni, wazee wamekaa barazani na kofia zao. Toa salamu kwanza, kisha uliza chochote. Kiswahili kitakufikisha mbali kuliko unavyodhani, hasa kwa wazee na wafanyabiashara. Ukibahatika utaikuta harusi kubwa, ile wanayoiita anda, ambayo mwanamume wa Ngazidja, kisiwa kikuu kilipo Moroni, asipoifanya hahesabiwi mtu mzima kamili mbele ya wenzake. Msimu wake ni Julai na Agosti, Wakomoro wa Ufaransa wanaporudi nyumbani, kwa hiyo weka chumba mapema.

Mlima Karthala una mita 2,361 na ni volkano hai. Mara kadhaa umelipuka, ukiwamo mwaka 2005. Panda na mwongoza njia wa kijijini, lala huko juu, na beba maji yote utakayohitaji. Ngazidja haina mto unaotiririka mwaka mzima, maana mvua yote inazama kwenye mawe ya volkano.

Lakini kisiwa nilichokipenda kuliko vyote ni Mwali, kidogo na kimya kuliko vingine. Itsamia, kasa huja kutaga usiku na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda na kuwapeleka wageni. Zima tochi, kaa nyuma ya mnyama, fuata unaloambiwa. Ukivuka kwenda kisiwa cha Nzwani utakutana na harufu ya langilangi, maua ambayo mafuta yake huuzwa kwa watengenezaji wa manukato Ufaransa. Kati ya kisiwa na kisiwa tumia ndege, au meli inayoeleweka. Boti ndogo zilizojaa watu usizipande hata ukiambiwa ni karibu. Na Mayotte, kisiwa cha nne cha jirani, iko chini ya Ufaransa: bila viza yao, usijaribu.

Viza ya Comoro hutolewa uwanjani ukifika. Chukua euro taslimu za kutosha, kwa sababu kadi hazipokelewi sehemu nyingi, na faranga yao imefungwa kwa euro kwa hiyo hesabu ni rahisi. Miezi mizuri ni Mei hadi Oktoba. Kuanzia Novemba kuna joto, mvua na hatari ya vimbunga. Kenneth, kile cha Aprili 2019, kilipita huko kabla ya kuipiga Msumbiji.

Kwa aliyekwisha kufika Comoro, ningemwelekeza Ilha de Moçambique, kisiwa cha Msumbiji kilichokuwa makao makuu ya utawala wa Wareno huko hadi 1898 na tangu 1991 kimo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuna ngome ya São Sebastião, na pembeni yake kanisa dogo lililojengwa 1522. Usiende kwa barabara kupitia Mtwara: Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, haijatulia tangu 2017. Panda ndege hadi Nampula, halafu gari hadi darajani. Lala kisiwani angalau usiku mmoja, upande wa nyumba za makuti pia uutembelee, siyo majumba ya mawe peke yake, kwa kuwa huko ndiko wenyeji wengi wanakoishi na ndiko utakakopata samaki wa kuchoma.