Nyumbu nao wana dago lao

Umeuliza kwa nini nyumbu wengine wa Serengeti wanahama na wengine hawabanduki, na ndugu mmoja hapo juu kasema wanaobaki ni wavivu. Siyo. Kwetu Kojani, kisiwani huko Pemba, watu wakienda dago, yaani kuhamia kambi ya uvuvi ya mbali, kwani kijiji kizima hutweka tanga? Wapo wenye madema yao, mitego ya samaki, hapo hapo pwani, kila maji yakitoka wanapata kitoweo. Waende wapi?

Nyumbu ndiyo hivyo hivyo. Kundi kubwa, zaidi ya milioni 1, masika wako kusini, upande wa Ndutu. Majani ya kule ni mafupi lakini udongo wake ni wa majivu ya volkano, una madini, na mama anayenyonyesha anayataka khasa. Tabu yake kiangazi maji hakuna, ndiyo wanafuata mvua mpaka Masai Mara, Kenya. Wale wa magharibi, karibu na mto Grumeti, na wengi wa kreta ya Ngorongoro, wana maji na malisho mwaka mzima.

Ila kubaki kuna gharama yake: simba. Simba jike mwenye watoto hawezi kufuata msafara, basi anamalizana na jirani yake wa kila siku, nyumbu asiyehama. Ndiyo maana wakaazi ni wachache, wanaohama wamejaa.

Tena si lazima mnyama azaliwe mhamaji. Kuna elk, wanyama wakubwa mfano wa kulungu, wa milimani huko Kanada: mmoja mwaka huu anahama, mwakani yupo tu.