Jaribu programu yako kwa mkono unaotikisika

Ukiandika programu ya madirisha kwa Java Swing (maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha na vitufe), nakusihi usitegemee `mouseClicked` kwa kazi yoyote ya maana. Tukio hilo linataka kitufe cha kipanya kibonyezwe na kuachiwa mahali pamoja. Kielekezi kikisogea katikati, Java inaweza kuliona tendo hilo kuwa ni kuburuta, na `mouseClicked` isije kabisa.

Nimewahi kukaa kando ya mhudumu wa duka la dawa akihangaika na jambo hili. Kipanya kimechakaa, kaunta imejaa maboksi, wateja wamesimama. Anabofya jina la dawa, kimya. Anabofya tena kwa nguvu, na kadiri anavyokaza mkono ndivyo kielekezi kinavyozidi kuteleza. Majaribio yote ya programu ile yalikuwa yanapita vizuri, maana yalibonyeza na kuachia kwenye pikseli ileile.

Kwa paneli unazochora mwenyewe, kumbuka mtumiaji alipobonyeza kwenye `mousePressed`, kisha kwenye `mouseReleased` uangalie kama bado yumo ndani ya eneo lile. `JButton` hufanya kazi kwa mtindo huohuo, ndiyo maana haisumbui. Halafu andika jaribio linalofanana na mkono wa mtu: kwa `Robot` (kifaa cha Java kinachoendesha kipanya badala ya mtu), fika mahali, ita `mousePress`, sogea pikseli kadhaa, ndipo uite `mouseRelease`. Mimi naliamini jaribio moja la aina hii kuliko rundo la majaribio yanayoita `doClick`, inayobofya kitufe bila kipanya.

Baada ya kila tendo ita `waitForIdle` ya `Robot`, inayosubiri matukio yaishe kushughulikiwa, usibahatishe muda kwa `Thread.sleep`. Usiiite ndani ya uzi wa matukio (uzi ambamo Swing hushughulikia mibofyo na uchoraji), itakurushia kosa. Matokeo nayo yasome kupitia `SwingUtilities.invokeAndWait`, inayofanya kazi ndani ya uzi huo. Kwenye seva isiyo na skrini `Robot` hukataa kuanza. Huko endesha majaribio chini ya Xvfb, programu inayoigiza skrini.

Menyu ya kitufe cha kulia inahitaji uangalifu wa peke yake. Windows huifungua kitufe kinapoachiwa, Linux na Mac kinapobonyezwa. Kwa hiyo kagua `isPopupTrigger`, inayokuambia kama tendo hilo ndilo la kufungua menyu, kwenye `mousePressed` na kwenye `mouseReleased` pia, na jaribio hilo liendeshe kwenye Windows kabla hujamkabidhi mteja, hata kama wewe mwenyewe unafanyia kazi Linux.