Mwanangu, kuhusu huyo mpenda popo wako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unaniuliza kama umkataze mwanao hii habari ya popo. Unasema ananing'inia kichwa chini kitandani mpaka uso unamwiva, hataki kulala kabla hajawaona wakitoka jioni, na sasa mdogo wake anamwiga. Kila magharibi nyumba haikaliki: mmoja kavua nguo nusu, mwingine analia, wewe na mumeo mmesimama katikati hamjui mshike lipi muache lipi. Pole, mama. Nimekusikia.

Niache nianze na hizo kelele, maana naona ndizo zilizokuchosha. Popo unawasingizia tu.

Unajua nisemavyo siku zote: mtoto anayepiga kelele anakuambia alipo. Nililisema mlipokuwa wadogo, nikalisema na kwenye harusi yako, shangazi zako wakacheka. Sikulitoa hewani. Nililipata chini ya dari ya ile nyumba ya kupanga, usiku ule ambao kaka yako akiusimulia hutaja ngazi tu, basi, kana kwamba hakukuwa na lingine.

Mwenye nyumba alichoshwa na kinyesi kilichojaa darini, akaleta fundi. Fundi akangoja giza liingie, popo wakatoka makundi kwa makundi kwenye lile pengo la chini ya paa, kisha akapigilia mbao na kuziba kila tundu. Hakuna aliyewaza kwamba ulikuwa msimu wao wa kuzaa. Popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, tena mtoto mkubwa: akizaliwa anaweza kufikia robo ya uzito wa mama yake. Piga hesabu mwenyewe, mwanamke wa kilo 60 ajifungue mtoto wa kilo 15. Mama akienda kuwinda humwacha nyumbani na watoto wa wenzake, wamejishikilia, bado hawajui kuruka. Kwa hiyo jioni ile mama wote walikuwa nje na watoto wote walikuwa ndani.

Na sisi huku chini tulikuwa na yetu. Mdogo wako anaota meno, kaka yako kamwaga ndoo nzima ya maji sebuleni, wewe unatafuta daftari na kila mtu ni mwizi wako. Baba yenu, Mungu amrehemu, anauliza nani kachukua tochi. Ghafla ukanyamaza. Ukainua kichwa ukasema, "Mama, kuna watoto wanaita."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Masikio ya watoto hunasa sauti nyembamba ambazo sisi wakubwa zimeshatupita. Nikamkumbatia mdogo wako atulie, nikatega sikio, na kweli: vilio vyembamba, vingi, juu ya vichwa vyetu. Nje kwenye ukuta mama zao wanazunguka, wanatua kwenye mbao, wanaondoka, wanarudi.

Baba yenu alivaa glavu, akapanda ngazi na nyundo, akang'oa ubao mmoja. Hakuwa amefika chini walipoanza kuingia. Mwanangu, nimeona mengi mazuri, lakini lile la popo kuingia mmoja mmoja huku vilio vikipungua kidogo kidogo, bado linanifurahisha kama jana. Nilidhani kila mama atanyonyesha yeyote aliye karibu. Baadaye nikasoma kuhusu pango la Bracken kule Texas, ambako popo hukusanyika kwa mamilioni na watoto wamebanana ukutani hivi kwamba huoni mwamba. Hata humo mama hurudi akamtafuta wake, kwa sauti yake na harufu yake. Makelele ambayo mimi na wewe tungeyaita fujo, kwake ndiyo njia ya kumfikia mwanawe. Ndiyo maana nasema: mtoto anayepiga kelele anakuambia alipo.

Asubuhi mwenye nyumba akaona ubao umeng'olewa. Alisimama mlangoni, majirani wanasikia, akasema mwanamke aliyeshindwa kunyamazisha watoto wake sasa anataka kufuga na wa popo. Wewe ulikuwa umenishika kanga. Sijasahau, na sidhani kama nitasahau.

Sasa, nisimwonee. Nyumba ilikuwa yake. Harufu ilikuwepo, na kinyesi cha popo kikikauka vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Asiyetaka popo darini ana haki yake. Lakini angengoja wiki chache tu, watoto wajifunze kuruka, kisha angeziba kila tundu na mimi ningemshikia misumari. Wiki chache! Na hilo la watoto wangu lilihusu nini? Nanyi mlikuwa na kelele, sikatai. Zipo kelele za kuita na zipo kelele za utundu, na mzazi aliyechoka hawezi kuzitofautisha saa zote. Hata mimi zilinichosha. Ila kila mliponyamaza muda mrefu ndipo nilipoinuka mbio.

Huyo mjukuu wangu nimemsikiliza kwenye simu. Aliniambia popo ndiye mnyonyeshaji pekee anayeruka kweli, na kwamba bawa lake ni mkono, vidole vimerefuka na ngozi imetandazwa katikati. Ni kweli yote. Nami nikamwambia kwamba huko Panama na Costa Rica kuna popo ambao watoto wao hubwabwaja kama vichanga, wakijaribu sauti za wakubwa, na mama zao hubadilisha sauti wanapoongea nao. Alinyamaza, akaanza kubwabwaja. Najua uliyasikia, ulikuwa unampigia kelele aache.

Kumkataza au kutomkataza ni kwako na mumeo. Ulimi unaniwasha, lakini nimeapa sitalea mtoto wa mtu kwa barua. Nitasema moja tu, na hilo si ushauri, ni amri ya mama: asimguse popo kwa mkono mtupu, mzima wala mgonjwa wala aliyeanguka chini, hasa aliyeanguka chini. Popo wanaweza kubeba kichaa cha mbwa, na alama ya meno yao ni ndogo, unaweza usiione. Akiumwa au akikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, usingoje dalili. Kuwatazama dirishani hakujamdhuru mtu.

Aliniuliza pia popo anajisaidiaje akiwa kichwa chini, nikamwahidi jibu. Mwambie wengi hugeuka: hujishika kwa vidole gumba vya mbawa, kichwa kikawa juu, wakimaliza wanarudi walivyokuwa. Na wengi hujifungua hivyo hivyo, mama akamdaka mtoto kwa ngozi iliyo kati ya miguu yake. Akitaka kujua zaidi anipigie mwenyewe, hata kama ni magharibi na nyumba inawaka moto. Mpe simu tu.

Mama yako