Jibu: Usafiri wa kumpeleka mama kusafisha damu

Pole sana dada, na mpe mama pole. Umeuliza kama uendelee kuita teksi kwa simu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kutoka Mbagala hadi Muhimbili, au upatane na dereva mmoja. Patana na mmoja.

Kwenda si tatizo, kazi iko kurudi. Kukaa kwenye mashine inayosafisha damu badala ya figo peke yake ni kama masaa manne, bado kupima uzito, kusubiri kitanda na kubana pamba mpaka damu ikatike. Dereva wa kuokoteza hasubiri. Baba yangu aliwahi kuachwa getini. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara, presha imeshuka, simu iko mkononi lakini hana nguvu ya kuipokea. Sikurudia tena.

Bei mpatane ya wiki, kwenda na kurudi, na muda wa kusubiri uwemo humo humo. Usilipe mwezi mzima mbele, maana mama akilazwa mtaanza kuvutana. Chukua na namba ya dereva wa pili. Uliza pia pale kwenye benchi nani anatoka njia ya Mbagala zamu hiyo hiyo, mnaweza kuchangia gari.

Jambo kubwa: mwonyeshe dereva mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ambao wanachoma sindano za mashine. Asiushike wala kuuvuta anapomsaidia kupanda. Tembea na pamba safi. Damu ikianza kutoka njiani, bonyeza hapo hapo kwa nguvu na mrudi hospitali.

Bajaji ni nafuu, ila kurudi nayo kwenye matuta yale, mimi hapana.