Walioniamsha ni panya

Niliwahi kulipia jimu miezi mitatu, nikaenda mara tano. Mara ya mwisho nilikaa kwenye benchi, nikafunga kamba za kiatu kimoja, nikakitazama cha pili, nikaondoka.

Kwa miaka nilijiita mvivu. Walionitoa huko ni panya. Panya wa maabara ukimwekea gurudumu kizimbani atalikimbilia kwa hiari yake, hapewi chochote. Kuna waliodhani ni wazimu wa kufungiwa tu. Basi Johanna Meijer na Yuri Robbers, watafiti wa Leiden kule Uholanzi, wakayapeleka magurudumu nje, kwenye vichaka na vilima vya mchanga, wakatega kamera. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: panya wa porini walikuja wenyewe, wakapanda, wakakimbia, wakashuka, na wengine wakarudi kupanda tena. Hata vyura na konokono wasio na gamba walionekana humo. Konokono! Na mimi kiatu cha pili kilinishinda.

Nilichojifunza ni kwamba hamu ya kujongea tunayo. Ila gurudumu liwe pale unapopita. Hakuna panya aliyefunga safari kwenda kulitafuta.

Makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London nao hawakuwa wanamichezo. Jerry Morris na wenzake walipochapisha utafiti wao mwaka 1953, ilionekana makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima wakidai nauli, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Tusikimbilie kusema ni ngazi tu, maana Morris huyo huyo alikuja kupima sare na kukuta madereva walikuwa na viuno vipana tangu wakiwa vijana. Hata hivyo mimi nakumbuka jambo moja: ngazi zilikuwa katikati ya kondakta na nauli yake. Hakuhitaji kujihimiza.

Kwa hiyo nimeacha kujihimiza, nimehamisha vitu. Chaja ya simu iko chumba cha mbali kabisa na kiti changu. Ikilia nainuka, na maongezi nayamaliza nikitembea. Kamba ya kuruka inaning'inia kwenye msumari karibu na jiko. Maji yakiwa motoni, naruka mpaka yachemke. Siku ya kwanza ilinasa kitasa cha mlango, ikanichapa kisogoni, nikacheka peke yangu. Siku ya nne niliishika bila hata kufikiri.

Usidharau hizo dakika mbili tatu. Zamani Shirika la Afya Duniani lilitaka kila kipande cha mazoezi kifike angalau dakika kumi ndipo kihesabiwe. Mwongozo wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Mtu mzima anashauriwa dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na vipande vidogo vinaingia kwenye hesabu. Zile hatua 10,000 zinazotunyima raha zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Mimi nimezima kihesabio.

Kama una maradhi ya moyo, au kifua kinabana ukipanda ngazi, anza kwa daktari kabla ya kamba. Wengine, tafuteni msumari. Ila upigilieni mbali na mlango.